Kifaa Kilichomwita Gasper

Asubuhi ile pale Mwamgongo haikuwa na neno. Ziwa lilikuwa limelala, wanawake walikuwa ufukweni wanasugua masufuria huku wakisutana, na Yona, nahodha wa boti ya mbao iliyokuwa inajiandaa kurudi Kibirizi, alikuwa anagombana na mihogo ya kuchemsha. Alisema ni migumu. Erasto, fundi wake wa injini, akamwambia mihogo haina kosa, ni meno yamechoka kazi. Walicheka, wakamaliza chai, wakaanza kupakia mapipa ya mawese.

Aliyekuwa anayasukuma mapipa ni Bariki, mdogo wake Yona, miaka ishirini na minne, kifua kama mlango. Alikuwa na mwaka mmoja tu ziwani. Mama yao, Agnesi, anayelima mihogo kule Simbo, alikuwa amekataa katakata asikanyage boti, na alikuwa na sababu. Miaka sita nyuma ziwa lilimchukua mwanawe wa kwanza, Gasper, na halikurudisha hata shati. Bariki alipomsumbua hadi akachoka, mama alimwita Yona ndani, akafunga mlango, akasema maneno machache. "Huyu unanirudishia. Ukija bila yeye, usije." Yona akaapa kwa jina la marehemu baba yao, na tangu siku hiyo macho yake hayakubanduka kwa Bariki.

Watu walimsifu kwa hilo. Walisema damu ni nzito kuliko maji. Yona aliitikia kwa kichwa tu, maana yeye alijua ndani ya maji yale kuna damu ya nani.

Hakuna mwingine aliyejua. Siku ile Gasper ndiye aliyekuwa nahodha, boti imezidiwa na mzigo, mawimbi yanaingia, na wao wako wawili tu. Gasper alidondoka, akaibuka, akaushika ubavu wa boti kwa mikono yote miwili, na boti ikainama upande wake. Yona akachukua kasia. Pigo la kwanza, la vidole, lilikuwa la woga. La pili, la kichwa, hakujua ni la nini. La tatu alilijua: boti ilikuwa ya kaka, na yeye alikuwa amechoka kuwa mdogo wa mtu. Gasper alimtazama mpaka maji yalipomfunika macho. Ufukweni Yona alilia hadi watu wakamshika, na kilio chake hakikuwa cha uongo.

Sasa, mabaharia wa upande ule wana mwiko wao. Ziwani mtu haitwi jina. Jina likitamkwa juu ya maji, maji yanalishika, na siku yakikutaka yanakuita. Kwa hiyo ndani ya boti Yona aliitwa Nahodha, Erasto aliitwa Injini, na Bariki, aliyekaa puani na kamba zake, aliitwa Mbele. Hata mtu akidondoka majini, wenzake humwita kwa kazi yake.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amekuja Elinipa, dada mmoja afisa wa usalama majini kutoka Same, na maboksi ya vifaa. Vilikuwa vidude vidogo vyenye ukubwa wa kiberiti, vinabanwa begani kwenye jaketi okozi. Mtu akidondoka na kidude kikilowa, kinatuma ishara kwenye redio iliyofungwa botini, na redio inasema kwa sauti yuko mita ngapi na upande gani, ili nahodha asihangaike kusoma huku anaendesha. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke mpole, kama yule anayekuambia salio lako halitoshi. Jambo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba kabla ya kutaja mita, redio ilikuwa inataja jina.

Elinipa alikaa chini ya turubai na fomu zake siku nzima. Jina kamili? Watu wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumkatisha tamaa mgeni, na hakuna aliyetaka jina lake lipigiwe kelele ziwani na mashine. Basi wakampa majina ya marehemu wao. Erasto alimpa la babu yake. Mwingine alimpa la kaka yake aliyekufa kwa surua utotoni. Mpaka jioni Elinipa alikuwa ameandikisha nusu ya makaburi ya Rusimbi, na akawashukuru wote kwa ushirikiano.

Yona alikuwa amekwenda kununua petroli. Aliporudi alimkuta Bariki amevaa jaketi lake jipya, anapigapiga kidude begani.

"Mimi nimemwandika kaka Gasper," alisema. "Ziwa lishamla. Halina kazi naye tena."

Yona akaweka dumu la petroli chini. Alitaka kumwambia arudi akabadilishe, sasa hivi, fomu haijakauka wino. Lakini angemwambia kwa nini? Akasema, "Haya," akaenda kujaza tangi. Na zile wiki mbili zote alikuwa anaiangalia ile redio kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

Walipoipita Mtanga ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na upepo ulikuwa umeanza kutoka ng'ambo ya Kongo. Haukuwa upepo wa kutisha. Yona alipunguza mwendo, akaielekeza boti iyapokee mawimbi kwa pua. La kwanza likapita, la pili likapita. La tatu likaja ubavuni, mahali ambapo hapakuwa na wimbi. Kamba ya mapipa ikakatika. Pipa moja likampiga Bariki kifuani, likatoka naye nje. Lingine liligonga ubao, likapasuka, na mawese yakamwagika botini na ziwani, hadi maji ya ubavuni yakawa mekundu.

Redio ikawaka taa.

"Gasper," ilisema kwa upole. "Mita kumi. Kushoto."

Yona aligeuka kuitazama redio. Kwa miaka sita jina lile halikuwa limetamkwa juu ya maji.

"Nahodha, geuza," alisema Erasto.

Aligeuza. Boti ilikuwa nzito, ikazunguka polepole.

"Gasper. Mita hamsini. Kulia."

Erasto alipanda juu ya mapipa, akaziba jua kwa kiganja. "Namwona. Jaketi naliona. Anapunga mkono."

Yona naye aliliona, rangi ya chungwa juu ya wimbi, na mkono umeinuliwa. Hakuelewa mtu anasogeaje mita zote zile kwa muda wa kukohoa. Lakini mkono ulikuwa unapunga, na anayepunga yu hai, na aliye hai anarudishwa kwa mama yake. Hilo tu ndilo alilotaka duniani. Akaelekeza boti kulia.

Hapo ndipo mkono uliposhika ubavu wa kushoto.

Ulikuwa mmoja. Kisha ikawa miwili. Ilikuwa myekundu kwa mawese mpaka viwikoni. Boti ikainama. Kichwa kikaibuka kati ya mikono hiyo, nacho chekundu, hakina sura, mawese yameziba macho na pua na mdomo. Mabegani hapakuwa na jaketi.

Yona alitazama kulia. Jaketi lipo. Linapunga.

Alitazama kushoto.

Basi huyu ni nani?

Alimjua. Alikuwa amemngoja miaka sita.

Aliachia usukani, akachukua kasia. Alipiga vidole. Alisikia mifupa ikikatika kama kuni kavu. Mkono wa kushoto ukaachia. Wa kulia haukuachia. Akapiga tena. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi, na vilivyobaki vilizidi kukaza.

"Safari hii hutoki," Yona alinong'ona. "Kaa huko. Kaa."

Alipiga kichwa. Ngozi ikafunguka, damu ikaingia kwenye mawese, usingejua ipi ni ipi. Akageuza kasia, akapiga kwa makali yake juu ya jicho. Kitu kikabonyea. Mdomo ukafunguka, ukatema mafuta, ukasema neno moja kwa sauti ndogo.

"Nahodha."

Yona akapiga la mwisho.

Mikono ikaachia. Kichwa kikashuka. Juu ya maji palibaki povu jekundu, likazunguka mara moja, likatulia.

"Unapiga nini?" Erasto aliuliza bila kugeuka. Hakuwa ameondoa macho kwenye jaketi.

"Pipa. Lilikuwa linatugonga."

"Gasper," ilisema redio. "Mita tano. Mbele." Erasto alilala kifudifudi puani, akanyoosha mikono. "Mita moja." Erasto akakamata, akavuta, Yona akaja kusaidia, wakamwingiza. "Mita sifuri," ilisema redio, na taa yake ikazima.

Alilala sakafuni chali. Uso ulikuwa wa Bariki, kifua cha Bariki, mikono mizima yenye vidole vyote. Kifuani hapakuwa na hata alama ya pipa. Ziwa lote pale lilikuwa jekundu, lakini yeye hakuwa na tone la mawese mwilini. Erasto alipotaka kumvua jaketi akahangaika kutafuta vifungo. Vilikuwa vimefungwa mgongoni, vyote vitatu, vimekazwa. Akavifungua kimoja kimoja.

Yule mtu akafumbua macho. Alimtazama Yona kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatizwa.

"Asante, Yona," alisema.

"Mbele, mwiko," Erasto alimkumbusha kwa kunong'ona. "Tuko majini."

Mtu yule alitabasamu tu.

Tangu aingie ziwani, Bariki hakuwahi kumtaja Yona kwa jina akiwa botini. Na yule wa ubavuni, mwenye vidole vilivyovunjika, alikuwa amesema Nahodha. Yona alisimama katikati ya mawese yake, akageuka nyuma. Lile doa jekundu lilikuwa limeshakuwa mbali, dogo, linabebwa kuelekea kusini. Alifungua mdomo kusema turudi. Angesema turudi tukamtafute nani? Na angesema huyo nani amepigwa na nani? Erasto akaongeza mwendo. Yona akafunga mdomo, akaketi. Tangu ile redio ilipofungwa botini alikuwa anaogopa itakosea. Haikukosea. Ilikuwa imewapeleka moja kwa moja kwa yule aliyeandikwa.

Alimpeleka Simbo jioni ile ile, kama alivyoapa. Agnesi alitoka jikoni na unga mikononi.

"Shikamoo, Mama," alisema Yona.

"Marahaba. Mbona mmelowa?"

"Bariki alidondoka. Tumemtoa."

Mama akamshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama kwa muda mrefu. Hakulia, wala hakumshukuru Mungu. Yule mtu akazunguka nyuma ya jiko, akasimama, akauliza ule mchikichi wa pale umekwenda wapi. Mama akamgeukia Yona. Mchikichi ule Bariki aliukata kwa mkono wake mwaka juzi, na shoka likamrukia karibu limtoe mguu, na mama ndiye aliyemfunga jeraha.

"Ingieni mle," alisema.

Yona hakula. Alirudi mjini, akajifungia. Siku tatu zilizofuata hakulala, na kila alipofumba macho alisikia lile neno moja, na kila alipolisikia alilia kwa sauti ya chini ili majirani wasimsikie. Alikuwa amempenda Bariki. Ndilo jambo ambalo hata wabaya wake hawakulikana baadaye. Alimpenda kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho, na alimuua kwa kumwogopa mwingine.

Ijumaa mama akamwita. Alimkuta uani, anamenya maharage.

"Keti," alisema Agnesi. Akaendelea kumenya. "Yule aliyemo ndani ni Gasper."

Yona aliutazama mlango wa nyumba.

"Nimemzaa mimi. Najua anavyopumua akilala. Ameniambia habari ya kasia. Lile la zamani, na hili la juzi."

"Mama."

"Sikulaani. Nikikulaani wewe nitabaki na nani wa kulaani?" Alipuliza maganda kwenye ungo. "Nilikuomba mmoja tu, Yona. Sikukuomba huyu, ingawa nimefurahi kumwona. Nilikuomba Bariki. Kamlete."

Ndani ya nyumba mtu aligeuka kitandani, kitanda kikalia. Yona aliinuka. Mama yake akamwambia asisahau kufunga lango, mbuzi wanatoka.

Jumamosi asubuhi, watu wengi wakiwa ufukweni Kibirizi, Yona alisukuma boti peke yake. Erasto alimwuliza anakwenda wapi bila mzigo. Akasema anamfuata mdogo wake. Erasto akasema mdogo wako si yuko Simbo? Yona akamweleza yote, kuanzia pigo la kwanza la miaka sita nyuma, akisimama maji ya magotini, bila kupandisha wala kushusha sauti. Ndiyo maana habari hii inajulikana. Kisha akavuta kamba ya injini. Erasto alisema baadaye kwamba alitaka kumzuia, lakini miguu ilikataa kuingia majini.

Boti ilionekana Jumapili, watu wa Mtanga wakitoka kanisani. Ilikuwa inaelea bila kuyumba, injini imezimwa. Ndani yake alilala Bariki, amenyooshwa vizuri, mikono juu ya kifua, shati la Yona limemfunika uso. Waliofunua shati walilirudisha haraka. Fuvu lilikuwa limefunguka juu ya jicho, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilishikiliwa na ngozi. Siku tano mtu yuko majini, lakini hakuwa amevimba, na damu ilikuwa bado inatoka. Kando yake palikuwa na kasia lililovunjika vipande viwili. Mahali pa kushikia palikuwa pametafunwa, na meno mawili ya mtu yalikuwa bado yamekwama kwenye mbao. Bariki meno yake yalikuwa kamili.

Yona hakuwepo.

Agnesi aliitwa kumtambua maiti. Alikuja na mwanawe. Askari aliyekuwa anaandika aliuliza jina la marehemu, mama akasema Bariki, na askari akainua kichwa, akaona uso uleule umesimama nyuma ya mama, umeshika mkoba wake. Aliweka kalamu chini. Mama ndiye aliyemwambia aendelee.

Walimzika Simbo Jumatatu. Waliohudhuria walikuwa wengi, na hakuna aliyejua aangalie wapi, kwenye jeneza au kwenye benchi la mbele. Yule mtu alishika jembe, akafukia vizuri, akasawazisha udongo kwa mgongo wa jembe. Erasto alikuwa karibu nao wakati watu walipoanza kutawanyika, na alisikia wanavyozungumza.

"Na Yona?" mama aliuliza.

"Yuko salama, Mama. Ameshapokelewa."

"Nitampata lini?"

"Ni kumtafutia mtu tu."

"Ego, mwana wanje," alisema Agnesi kwa lugha ya kwao, yaani ndiyo, mwanangu. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwomba amshike mkono, njia ilikuwa na mawe.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mtu mmoja aliingia ofisini kwa Elinipa kuomba kifaa kipya. Elinipa alimkumbuka, alikuwa amemwandikisha mwenyewe chini ya turubai kwa jina la Gasper, na hakuwa amepata habari za msiba. Alimkaribisha kiti, akatoa fomu, akauliza jina kamili la kuandika. Mtu yule akasema Yona. Elinipa akauliza kifaa chenyewe kitavaliwa na nani. Akasema huyo bado hajampata. Akaweka kidole gumba mahali pa sahihi, akachukua kidude chake, akatoka kwa adabu.

Fomu ipo. Alama ya kidole kile ni ya mawese, na ukiigusa leo inabaki kidoleni mwako, mbichi.